Pikipiki Aliyoitwaa Mtani Wangu

Tumsifu Yesu Kristo, ndugu zangu! Ah, itikieni kama watu walioshiba! Mimi ni Filipo, mwenzenu wa hapa hapa mlimani, yule anayepeleka barua na dawa za misheni kwa pikipiki. Wengi wenu mmeshanisaidia kuisukuma, kwa hiyo mnanifahamu vizuri. Leo nimesimama kumshukuru Mungu kwa ajili ya fundi.

Msicheke. Fundi mwaminifu ni neema!

Mnakumbuka Padre alipoileta ile pikipiki kwa gari moshi, akanikabidhi. Kule mjini kwenye tambarare ilikwenda vizuri, kuku wanakimbia, watoto wanashangilia. Lakini ukishaipita Bigwa, barabara ikianza kunyanyuka, injini inakohoa, inakohoa, kisha kimya. Nashuka, nasukuma. Akina mama wenye matenga ya mboga wananipita wakiuliza, kulikoni, leo chuma ndicho kimepanda mtu?

Nikatafuta fundi wa kuiongezea nguvu. Wa kwanza alikuwa na maneno matamu, kila saa "ondoa shaka, ndugu yangu". Akafungua injini, akaifunga, na vyuma vilivyokuwa vipya vikatoka vikuukuu. Nilipomrudia alikuwa ameshahama mji. Wa pili aliapa kwa kaburi la mama yake, na siku ile ile nikamkuta huyo mama sokoni anauza vitumbua, mzima wa afya! Basi nikasema, hakuna fundi atakayeigusa tena. Lakini Padre naye akaniambia: mvua zikianza na bado haipandi, ataiuza, dawa zirudi kubebwa kwa miguu. Na mnajua zilivyokuwa zinachelewa. Tuliwazika wangapi dawa ikiwa njiani?

Sasa, kwenye karakana ya reli alikuwapo Mnyamwezi mmoja, Maganga. Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani, hilo sina haja ya kuwafundisha. Kila akiniona: "Wewe mtumwa wangu, lete hicho kibaiskeli nikitie nguvu!" Nami nacheka, moyoni nasema, mtu asiyejua kusema neno bila mzaha nitampaje injini? Siku moja ya soko nimeiegesha, nanunua chumvi, kugeuka hivi, Maganga amekwisha kaa juu yake. "Nimeitwaa! Mali ya mtumwa ni mali yangu!" Akaondoka nayo.

Ndugu zangu, nilipiga kelele mpaka askari akaja. Akamuuliza, wewe kabila gani? Mnyamwezi. Na wewe? Mluguru. Akaangua kicheko, akaenda zake! Soko zima likacheka. Nani atamshitaki mtani? Nikapanda mlima kwa miguu, najua kazi yangu ndiyo imekwisha.

Siku chache baadaye nikashuka stesheni kupokea dawa. Wale akina mama wa mboga wakanikuta pale. "Filipo, Tekla ana homa, hatambui mtu, na Sista wa zahanati hana kwinini hata chembe." Mke wangu! Kwinini ninayo mkobani, na mlima wote uko mbele yangu. Nikakimbia. Pale Bigwa miguu ikagoma, nikapiga magoti barabarani nikalia: Mungu wangu, sina kitu, sina mtu!

Ndipo nikasikia mngurumo nyuma yangu. Maganga! Jasho linamtoka, mikono myeusi kwa mafuta. Habari alikwisha kuzipata sokoni. Akashuka, akanishikisha usukani.

"Nimeitia pete mpya za pistoni, na gurudumu la kuvuta mkanda nimekuchongea dogo zaidi. Itakwenda polepole, lakini haitasimama. Tukipanda wawili tutailemea. Nenda." Halafu utani ukamshinda: "Na ukianguka usiivunje, ni mali yangu!"

Ndugu zangu, ilipanda! Ilipanda pale ilipozoea kuzimika, ikapanda kona ya mawe, mimi naimba, nalia, namtukana Maganga kwa mapenzi yote niliyonayo. Jua lilikuwa bado juu nilipomkabidhi Sista kwinini.

Siku Tekla alipofumbua macho akanitambua, aliniuliza, "Umeisukuma mpaka hapa?" Nikamwambia sijaisukuma hata kidogo. Akasema, "Basi bado naweweseka."

Maganga akaja kumpa pole. Alianza kututukana tangu uani, akamkamata jogoo wetu bila kuuliza, akasema ni fidia, kwa sababu tumemnyima karamu ya matanga. Tekla alicheka mpaka nikamshika asianguke. Na mimi nawauliza: pikipiki ile ningempa kwa hiari yangu? Thubutu! Mungu aliniona nimefunga mlango, akamtuma mtu wa kuingia bila hodi.

Wewe uliyedanganywa na mmoja ukawakataa wote, mwombe Mungu, naye atakuletea mtu wako. Akija anakutukana, mtazame kwanza mikono inavyofanya kazi. Maganga yupo pale nyuma, Mwislamu wa watu, amekuja kuhakikisha simsifu kupita kiasi. Haya, nimemaliza, mtani!

Tekla, mke wangu, hebu simama wakuone.