Mlango Wetu na Mapipa

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, msanifu majengo kijana alikuwa akimwonyesha abiria mwenzake mchoro wa maghorofa yatakayojengwa mtaani. Abiria huyo alikuwa mama mshonaji, magongo yake ameyaegemeza dirishani. "Na mimi nitaingilia wapi, baba?" "Tumekufikiria, mama. Njia isiyo na ngazi iko huku nyuma." "Na hivi viduara ni maua?" "Hapana, mapipa ya taka." "Ahaa. Kwa hiyo mimi na taka tumepewa mlango wetu." Nikakohoa kuficha kicheko.

"Ngazi za mbele zinapendezesha jengo," msanifu akajitetea. "Mimi humpima mteja kabla ya kukata kitambaa," mama akasema. "Wewe ulimpima nani?"

Basi likasimama. Msanifu akaruka chini, kisha akageuka kumnyooshea mkono. "Tangulia tu, mwanangu. Mimi nauliza kwanza kama kuna mlango wa nyuma."