Fundi Aliyefikisha Magari Kituo cha Mwisho

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya idara yetu ya afya, Mama Tone anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Machi. Aliingia akiwa msafisha vipuri. Anatoka akiwa fundi mkuu.

Jina hilo alibandikwa na madereva, tena kwa kejeli, kwa kuhesabu kila tone la mafuta, mwaka ule mgao wa mafuta ulipokatwa nusu. Magari yetu sita makubwa, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne, yalikuwa yakinywa dizeli bila kupumua. Mkurugenzi akaamua yauzwe, na safari za chanjo kwenda milimani zisimame. Mama Tone akapanda ofisini na ovaroli yake yenye grisi, akaomba miezi mitatu. Akapewa miwili.

Hakufanya miujiza. Aling'oa keria nzito za paani zisizobeba kitu, akasafisha nozeli za kunyunyizia dizeli, akabadilisha vichujio vya hewa vilivyozibwa na vumbi, akalegeza breki zilizokuwa zikishika hata gari likienda. Upepo wa matairi aliupima mwenyewe kila asubuhi. Kazi ngumu ilikuwa miguu ya madereva.

"Dada yangu, gari hili usipolikanyaga halipandi mlima," dereva mkongwe kuliko wote alimwambia.

Mama Tone akaketi kando yake wiki nzima, akimfundisha kukanyaga taratibu na kubadili gia mapema. Siku ya tatu alimvua kiatu ili aihisi pedali!

Siku ya majaribio, dereva huyo alikwenda hadi kituo cha mwisho, ambako watoto hawakuwa wamechanjwa kwa miezi minne. Zamani lita moja ilimpeleka kilomita sita. Safari hiyo, tisa na nusu. Alirudi saa kumi jioni akipiga honi tangu getini, kasha la chanjo tupu, tangi bado lina robo. Mkurugenzi alishuka ngazi mbio, akachungulia geji ya mafuta, akalichana papo hapo tangazo la mauzo lililobandikwa ukutani. Mama Tone alijificha nyuma ya karakana. Tulimkuta akilia, akidai ni vumbi la kichujio.

Hakuna gari lililouzwa, na hakuna kituo kilichorukwa tena.

Mumewe anasema sasa ni zamu yake kunywa chai ya asubuhi na mkewe. Tumekubali, shingo upande.

Mama Tone, asante. Kule milimani kuna vijana wenye afya wasiojua hata sura yako, na wewe ndiye uliyewafikia. Nenda na baraka zetu zote, ukapate siku nyingi njema.