Alvise Zennaro na Daraja la Forner

Ndugu na majirani, ving'ora vya maji vimelia tangu alfajiri na mfereji bado unajaa. Boti ya jeneza lazima ipite chini ya Daraja la Forner, na njia nyingine ya kwenda makaburini hatuna. Nitasoma haraka. Roho yangu iko juujuu.

Mjomba Alvise alizaliwa tarehe 9 Machi 1931 hapa Venisi, kisiwani Giudecca, mtoto wa fundi boti Gino na mama Amabile. Alisoma shule ya parokia hadi darasa la tano. Hesabu zilimshinda, makasia hayakumshinda.

Mwaka 1953 aliajiriwa kuendesha boti ya wagonjwa, kazi aliyoishika hadi alipostaafu. Oktoba 1957 alifunga ndoa na Ornella, ambaye kwanza alimkataa kwa sababu ya kunuka dizeli.

Novemba 1960, maji yakiwa kama haya, alimbeba dada yake Elda akiwa na uchungu wa kuzaa. Paa la boti likagonga daraja hilihili. Elda analia, maji yanapanda. Mjomba akawapigia kelele waliosimama juu:

"Rukeni humu! Boti nyepesi mno, inaelea juu! Wanene kwanza!"

"Mnene nani, we Alvise?" alifoka Bepi, mwoka mikate.

"Tumbo lako leo lina kazi, kaka. Ruka!"

Wakaruka, wakabanana, boti ikadidimia na kupita ikikwaruza mawe. Mtoto alizaliwa kabla ya kufika hospitali. Mtoto huyo ni mimi, Loredana.

Mwaka 1994 mapafu yalianza kumsumbua. Daktari alimshauri ahamie bara. "Huko nitakufa kwa kiu," alijibu, akabaki. Alikonda sana, inaniuma kusema. Alifariki nyumbani tarehe 14 Novemba 1996, Ornella akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, binti yake Silvia, mwanawe Tullio, wajukuu wanne, na mama yangu Elda.

Mwenye boti ananipungia mkono.

"Dada, haipiti! Jeneza jepesi, boti imekaa juu!"

Basi, jamani, mmesikia. Mjomba atapumzika kwa amani tukishamvusha. Mzee Bepi, mshikeni mkono, ashuke chomboni.

Wanene kwanza.