Mkwe wa Kwenye Simu

Katika gari linalopitia Songambele, kijana mwenye suti alimweleza mama aliyekaa kando yake kwamba alikwishajitambulisha ukweni kwa simu ya video.

"Kazi za Dodoma hazinipi nafasi ya kusafiri, mama. Tuliongea, tukacheka, tukamaliza. Leo naenda kuwasalimia tu."

"Na kahawa ya kutafuna, ile ya kumkaribishia mgeni, walikupaje?"

"Mzee alinionyesha kikapu kwenye kamera, nikashukuru."

"Sasa ukatafuna nini, mwanangu? Kioo?"

Mimi, kiti cha nyuma yao, nilijifanya naangalia migomba. Dereva hakujisumbua kujifanya, alicheka waziwazi.

"Dunia imebadilika, mama. Hata benki iko kwenye simu."

"Benki sawa, lakini benki haikupi binti. Kwangu mimi, asiyetafuna kahawa yangu bado ni mpita njia."

Kijana akaweka tai sawa, akasema hayo ni mambo ya zamani, hakuna atakayemuuliza.

Tulipofika Songambele akashuka, akatembea kidogo, kisha akarudi dirishani, sauti imepungua.

"Mama, samahani. Zile kahawa, mtu anameza au anatema?"

Mama alifungua mdomo amjibu, lakini dereva alikuwa keshaondoa gari.