Mkono Mmoja wa Fundi Nesta

Wasikilizaji wapendwa, mlioko sokoni Tunduma, mlioko Nanyala barabarani, mlioko Isansa kwenye kahawa, ongezeni sauti kidogo. Leo tunamkumbuka fundi. Fundi wa redio. Mwanamke. Alifariki Jumanne iliyopita akiwa na miaka sabini na tisa. Jina lake nalitaja taratibu, asije mtu akasema hakulisikia: Nesta Nachalwe.

Alizaliwa karibu na Tunduma. Kwetu Wanamwanga kaka ni Sichalwe, dada ni Nachalwe. Kaka yake alikuwa anachimba shaba Kitwe, kule Zambia, akamchukua Nesta akamsaidie nyumbani. Jirani yao alikuwa mzee mmoja wa kabila la Wabemba, fundi redio. Nesta akawa akimaliza vyombo anakwenda kusimama mlangoni kwake. Mwisho yule mzee akamwita ndani, akampa somo la kwanza: "Iwe, wewe Nesta! Redio ikiwaka, mkono mmoja kazini, mmoja nyuma ya mgongo. Ukishika kwa yote miwili, umeme unapita kifuani. Nimezika rafiki hivyo."

Mkono mmoja kazini, mmoja nyuma ya mgongo. Lishikeni hilo.

Mwaka 1968 alirudi, akaolewa na Osea, mkulima wa kahawa, katika kijiji kimoja cha ujamaa kando ya Isansa. Kijiji kikampa meza kwenye kona ya ghala, atengeneze redio za watu. Meza moja. Na hiyo meza nusura aipoteze.

Ilikuwa mwanzoni mwa 1979, wakati wa vita vya Kagera. Vijana wa kijiji walikuwa mstari wa mbele, na habari zao zilikuja kwa redio moja tu: redio kubwa ya kijiji, ya zamani, ya valvu, zile taa za kioo zinazochelewa kupata moto. Ilikula betri ya lori, na ndani yake umeme huo ulipandishwa hadi kuwa wa kuua. Siku hiyo ikawa inakoroma tu. Nesta akaifungua, akakuta kapasita, vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme, zimevimba kwa uzee. Akavuka mpaka hadi Nakonde, akarudi na kapasita tisa. Akazilehemu moja moja kwa chuma alichokipasha kwenye makaa. Akaiwasha. Ikaanza kutoa sauti, naye akaendelea kuirekebisha kwa bisibisi.

Wazee walikuwa wamekuja kutazama. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sadoki, akaona mkono mmoja uko nyuma ya mgongo.

"Wee mama! Unatufanyia kazi kwa mkono mmoja kama unatupa pumba kwa kuku? Mbele ya wazee?"

Mnajua desturi yetu. Mwanamke akimpa mzee hata kikombe cha maji, anatoa kwa mikono miwili. Nesta aliijua desturi hiyo kuliko wote waliokuwepo. Basi akatii. Akaleta mkono wa pili.

Umeme ukamrusha. Bisibisi ikaruka, mkono ukajipiga ndani ya redio, na redio ikanyamaza. Kimya.

Mnadhani walimpa pole? "Kapasita za magendo hizo!" "Tulisema, huyu Mnamwanga wa kuja kazoea kupika ugali!" Mzee Sadoki akatoa hukumu: Jumapili baada ya ibada redio iseme, la sivyo meza inaondoka, pale patawekwa mifuko ya mbolea, na Nesta asiguse redio ya mtu tena.

Binti yake, Ketrina, alikuwa na miaka minane. Ananiambia: "Baba alimwambia, mama Ketrina, omba radhi tu yaishe. Mama akajibu, radhi nimeshaomba kwa mikono miwili, na umeona imenifanya nini."

Jumapili ghala likajaa. Nesta akawaamkia wazee wote, akapiga magoti, kila mmoja na shikamoo yake. Kisha akasimama, akaiwasha redio, na mkono wa kushoto akaupeleka nyuma ya mgongo. Watu wakaguna.

"Nesta!" Mzee Sadoki akafoka.

"Mwenyekiti, heshima yako nimekupa kwa magoti. Mkono huu ni wa watoto wangu."

Akaanza kutafuta ugonjwa. Hakuanza kwenye antena. Alianza mwisho, kwenye spika, akarudi nyuma. Akagusa valvu ya mwisho kwa ncha ya bisibisi: spika ikanguruma. Basi hapo ni pazima. Akagusa ya nyuma yake: ikanguruma. Akagusa ya tatu.

Kimya.

"Hapa," akasema. Akazima, akachomoa betri, akainama. Kapasita zote tisa zilikuwa nzima. Ila moja mguu wake ulikuwa umepinda, umelalia bati la ndani ya redio, na sauti ikawa inapotelea hapo. Aliupinda yeye mwenyewe, kwa mkono wake, siku ile aliporushwa. Akaunyanyua, akauvisha kipande cha mpira wa baiskeli, akarudisha betri. Valvu zikachukua muda wake. Watu wakasogea mbele.

Kisha redio ikasema. Kiswahili safi, taarifa ya habari, ghala zima.

Mzee Sadoki hakuomba radhi. Alisema tu, "Ongeza sauti, fundi." Fundi! Na meza ikabaki. Kwenye meza ile Nesta alifundisha wasichana kumi na mmoja.

Alhamisi nilikuwa makaburini. Kwa desturi, udongo wa mwisho tunauweka kwa mikono miwili. Wanafunzi wake wakaja kwa mstari, sasa ni mabibi watu wazima. Wakapiga magoti. Kila mmoja akaweka udongo kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa nyuma ya mgongo. Mzee mmoja akafungua kinywa. Ketrina akamtazama. Akakifunga.

Mzee Osea, Ketrina, na ukoo wote wa akina Sichalwe, poleni sana. Mungu awatie nguvu. Nasi wengine, tujiulize: ni mafundi wangapi tumewarusha kwa umeme, kisha tukawalaumu kwa kimya tulichokisababisha wenyewe?

Pumzika, fundi. Redio inasema.