Jurriaan Kloosterman na Shavu la Mwanamfalme

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bwana Jurriaan Kloosterman, mlinzi wa ukumbi wa juu wa makumbusho yetu, anastaafu. Anayeachwa ukumbini ni Mwanamfalme: kichwa na kifua cha udongo wa kuchoma, kilichopakwa rangi. Ana deraa, vazi la chuma la vitani, nyeusi yenye dhahabu, mshipi wa rangi ya chungwa begani, na mashavu mekundu ya mtu aliyetoka kula akashiba.

Kazi yote ya Jurriaan ilikuwa neno moja: "Usiguse!" Aliwaambia watoto wa shule, akawaambia na maprofesa. Meya alipokuja kupiga picha na kumwekea Mwanamfalme mkono begani, Jurriaan hakumwonea haya: "Mheshimiwa, mkono huo tuliuchagua utupungie, hatukuuchagua ushikeshike." Picha ipo. Meya ametoka kama mwizi wa kuku.

Tulimtania sana. Mtu kavaa chuma, kaenda vitani, halafu anaogopa kidole cha mtoto! Jurriaan akajibu kwamba vita huisha, lakini wageni huja kila siku isipokuwa Jumatatu.

Tulipomwuliza anataka zawadi gani, tukidhani atataja baiskeli, alisema: "Nataka nimguse shavu. Mara moja tu. Sijawahi."

Hapa kwetu hakuna jambo linalopita mpaka kila mtu akubali, hata kuhamisha ndoo. Tukakutana. Tukanywa kahawa, biskuti moja kila mtu, kopo likafungwa. Tukakutana tena. Uamuzi ukatoka: aguse, kwa kidole kimoja, akiwa amevaa glavu.

Jana akagusa. Akakitazama kidole chake.

"Sijasikia kitu," akasema. Roho iliniuma.

Mkurugenzi wetu, Bi. Hedwig Tolsma, ambaye ndiye aliyeng'ang'ania glavu, akageukia dirishani. "Jamani, hebu njooni mtazame mvua."

Nje jua lilikuwa linawaka. Tukaenda wote, tukaitazama mvua hiyo kwa makini sana. Nyuma yetu glavu ikavuliwa.

"Kumbe wa baridi hivi, maskini," tukamsikia.

Asante, Jurriaan, kwa kutufokea sote bila upendeleo. Nenda kapumzike, ule samaki wako wa chumvi kwa raha na afya ikukae. Mtu akituuliza habari za jana, sisi tulikuwa tunatazama mvua.