Urbanus Ruhuza, Aliyetaka Kila Nyumba Ijengwe na Jiko Lake

Viongozi wetu wa dini, waheshimiwa madiwani, majirani wa Ujiji na ndugu mliotoka Simbo na Ilagala, mimi ni Asnath, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha yake, na mnivumilie, maana tangu Jumanne hatujalala na sauti yenyewe imebaki kidogo.

Kaka yetu Urbanus Feliksi Ruhuza alizaliwa tarehe 14 Mei 1968 kijijini Simbo, mtoto wa kwanza kati ya saba wa mzee Feliksi, mkulima na mchoma matofali, na mama Recho, akasoma shule ya msingi hapo hapo Simbo kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, akaendelea na sekondari Kigoma mjini, kisha chuo cha ufundi Mbeya, alikohitimu ujenzi mwaka 1991, akarudi nyumbani wakati wenzake wanakimbilia Dar es Salaam, jambo ambalo baba alilinung'unikia mpaka anaingia kaburini.

Mwaka 1993 aliajiriwa na halmashauri kuwa mkaguzi wa majengo, na tarehe 7 Septemba 1996 alifunga ndoa na shemeji yetu Verediana, wakajaliwa watoto watatu, Happiness, Thobias na Wema, na wajukuu wawili ambao walimsumbua walivyotaka.

Mwaka 2013 alikabidhiwa kazi ya kupunguza hewa ukaa inayotoka kwenye majengo na makazi, kazi ambayo wengine waliikwepa, na baada ya kuzunguka miezi minane akaandika kwamba mji huu hauna viwanda vya kulaumiwa, hewa chafu yetu inatoka jikoni, kwenye matanuru ya matofali, na kwenye ofisi zinazowasha viyoyozi huku madirisha yako wazi. Alianza na ofisi yao wenyewe, akapaka bati rangi nyeupe, akatoboa matundu ya hewa juu ya kuta, akazima viyoyozi sita, na wenzake wakamnunia mwezi mzima, ingawa leo wamejaa hapa.

Mwaka 2014 alikosea, na aliagiza kosa hilo lisomwe, basi nalisoma. Halmashauri iligawa majiko banifu mia nne ya kupunguza mkaa, yeye ndiye aliyeyapima, na aliyapima ofisini kwa kuchemsha maji, wanaume watano wamesimama na saa mkononi, wala hakuna hata mmoja aliyewaza kwamba huku kwetu jikoni kuna ugali wa muhogo, unaosongwa kwa nguvu zote za mabega. Jiko lilikuwa jembamba na jepesi, wiki ya kwanza tu likapinduka na sufuria yake kwa dada Semeni, yule pale amekaa na akina mama, akaungua mguu wa kushoto, na majiko mengine yakaishia kutagiwa mayai na kuku. Kaka alimuuguza dada Semeni kama ndugu wa damu, kila Jumapili yuko mlangoni, mpaka Semeni mwenyewe akamwambia imetosha, mguu umepona, ila jiko jingine asimletee kabla hajasonga ugali juu yake kwa mikono yake.

Akajifunza kusonga, jamani, mzee mzima, shemeji anacheka mpaka machozi, na hapo ndipo alipotengeneza jiko la kujengewa sakafuni, lenye bomba la moshi, lisilotikisika, linalotumia nusu ya kuni. Akaandika sheria ndogo fupi, kwamba kibali cha ujenzi kisitolewe kwa nyumba isiyo na jiko la namna hiyo kwenye ramani, kwa sababu alisema ukimgawia mtu jiko analiweka uvunguni, ukilijenga na nyumba linabaki. Ilifika kwenye baraza mwaka 2016, ikaahirishwa, mara akidi haikutimia, mara bajeti imekula muda wote, mara uchaguzi, mara tisa kwa hesabu yake, na kila mara alipiga pasi shati lile lile akaenda kukaa nyuma, na mimi nilimwambia aache, nikamwambia kwa hasira, hakuacha.

Figo zilianza kumsumbua Juni 2022, akatibiwa hapa na baadaye Mwanza, akastaafu mapema kwa ushauri wa madaktari, na akafariki Jumanne tarehe 11 Februari 2025, saa tisa alasiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa Verediana.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchota maji, wafanyakazi wenzake, na dada Semeni aliyelala nasi msibani siku zote tatu. Nanyi waheshimiwa madiwani, tumeambiwa kwamba leo asubuhi baraza lilikuwa likae, sheria yake ikiwa ajenda ya kwanza kabisa, tena kwa mara ya kwanza tangu 2016, na kwa upendo wenu mmekiahirisha kikao ili mje kumzika. Heshima hiyo tumeiona na tunashukuru, lakini nimechoka, acheni niseme, kaka angewaomba mkae kwanza, mpitishe, halafu ndiyo mje, hata kama mngekuta tumeshamfukia.

Pumzika kwa amani, kaka Urbanus, umesubiri sana.